Hiyo brauza mpya "ya kasi" mnaijaribia kwenye simu zipi?

Wakuu salaam.

Naandika nikiwa na hasira. Wasimamizi mnivumilie, matusi sitaweka.

Kila kona sasa hivi stori ni ileile: subirini, kuna brauza mpya ya simu (programu ya kufungulia tovuti) inakuja, nyepesi, kasi mara mbili, hii mliyonayo mtaitupa wenyewe. Jina silitaji, sitaki kuwapa tangazo la bure, na wanaoijua wanaijua. Mafundi simu wa Makoroboi hapa Mwanza wameshajiandikisha kwenye foleni ya toleo la majaribio, na mteja akileta simu inayoganda anaambiwa "vuta subira, ile ikitoka utafurahi mwenyewe." Fundi analipwa kwa kumwambia mtu asubiri! Hapo hata sijaigusa hiyo brauza yenyewe.

Swali langu ni moja tu. Hiyo kasi mara mbili mmeipimia wapi?

Maana michoro wanayoturushia ni ya Speedometer. Kwa wasiokifahamu, hicho ni kipimo cha jinsi brauza inavyoitikia ukibofya na kuandika kwenye kurasa za mfano. Toleo la 3 lilitoka Machi 2024, na walioshirikiana kulitengeneza ni pamoja na wenye injini wenyewe, yaani ile sehemu ya brauza inayosoma ukurasa na kuuchora kwenye kioo: Apple, Google na Mozilla. Kipimo hakina ubaya. Ila kikishaanza kukimbia, mtandao hauhusiki tena. Hakipimi intaneti ya Kirumba saa moja jioni wakati kila mtu yuko hewani, wala hakipimi simu ya RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 2 yenye WhatsApp ya magrupu ya harusi, misiba na vikoba.

Huku kwetu muda unapotea kabla injini haijapata kazi ya kufanya. Ukibofya anwani, simu inauliza kwanza jina lile liko kwenye namba ipi, halafu inaungana na seva, ile kompyuta inayotunza ukurasa, halafu wanapeana funguo za usalama, ndipo ukurasa unaanza kuja. Ni wazee wawili wa Magu wamekutana njiani: jambo lenyewe halisemwi mpaka waulizane za nyumbani, za watoto, za ng'ombe na za mvua. Sasa ukurasa mmoja wa habari za leo unaita anwani kibao, za matangazo, za kuhesabu wasomaji, za video inayojiwasha bila kuombwa, na kila anwani mpya ina salamu zake. Kama seva iko Ulaya, kila salamu inatoka Mwanza, inashuka hadi pwani, inaingia baharini, na kurudi njia hiyohiyo. Injini iwe na kasi ya radi, itakaa pale inasubiri. Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, nani aliokolewa na brauza yake?

Sasa niwape kisa kinachonichoma, maana hiki ndicho kimenifanya nifungue uzi.

Mimi nina kibanda cha uwakala karibu na Mwaloni. Watu wakija kutoa pesa wananiomba pia niwasaidie kujaza fomu za mtandaoni kwenye simu zao. Juzi kaja mama mmoja mchuuzi wa dagaa, ana kibali cha kulipia kwenye ofisi moja ambayo siitaji. Simu yake kioo kimepasuka kona, vidole vyake bado vina magamba, kioo kinakataa kumsikia, basi nikaishika mimi. Tukajaza. Jina, namba ya kitambulisho, mkoa, wilaya, kata, mtaa, aina ya biashara, uzito wa mzigo. Mwishoni ukurasa unasema: ingiza tarakimu sita tulizokutumia kwenye simu. Meseji hiyo hapo imeingia. Nikatoka kwenye brauza, nikasoma namba, nikarudi.

Nyeupe. Kaduara kanazunguka. Kisha fomu ikaja tupu kama haijawahi kuguswa, na zile tarakimu muda wake umeisha.

Wanaojua simu wanajua kilichotokea. Android ikiona RAM imebana, inaua programu zilizo nyuma ili ya mbele ipate nafasi. Kufungua meseji tu kulitosha kuiua brauza, na iliporudi ikaanza kuvuta ukurasa upya kutoka mwanzo, kwa bando la mama. Tukarudia. Katikati ya marudio mtu wa mzigo akampigia. Nyeupe tena. Mama akaniangalia, "Ng'wanawane (mwanangu), acha tu, nitapanda gari niende ofisini kwao." Akaenda kweli. Nauli, foleni, na dagaa juani bila mwangalizi.

Sasa mtu aniambie, hiyo "kasi mara mbili" ingemsaidia nini yule mama? Fomu tupu ingefunguka haraka zaidi?

Na msije mkasema hizi ni shida zisizo na dawa. Dawa ziliwahi kuwepo, ndiyo maana hasira inazidi. Brauza ya Opera Mini ilipotolewa kwa dunia nzima mwaka 2006 ilikuwa inakimbia kwenye visimu vya Java ambavyo leo mtoto hachezei. Ukurasa ulipikwa kwenye seva zao, ukapunguzwa uzito hadi 90%, simu ikapokea kilichokwisha kuiva. Wengi wetu kando ya ziwa hili tuliijua intaneti kwa mlango huo. Ilikuwa na gharama yake, sikatai: JavaScript, yaani maelekezo yanayofanya ukurasa ujibu ukiugusa, ilitekelezwa huko kwenye seva, kwa hiyo fomu za kisasa, zile ukichagua mkoa wilaya zinashuka zenyewe, mara nyingi ziligoma. Na kwa kuwa seva yao inasimama katikati, yanayopita unakuwa umewaamini wao. Lakini angalau kuna mtu alikaa akawaza: hivi mwenye simu dhaifu na mtandao wa kusuasua atafanyaje?

Chrome nayo ilikuwa na hali ya kubana data, baadaye ikaitwa Lite. Machi 2022, toleo la 100 lilipotoka, ikaondolewa. Maelezo ya Google yalikuwa kwamba gharama za data zimeshuka katika nchi nyingi, na kwamba brauza yenyewe imeboreshwa. Nchi nyingi. Haya.

Wale wanaosubiri mkombozi wa kutoka nje ya haya makampuni makubwa, poleni pia. Brauza ya Kiwi, iliyopendwa na watu wa Android kwa sababu ilikubali viendelezi (vijiprogramu vya kuiongezea kazi), ilifungwa Januari 2025. Ladybird, inayoandikwa injini yake kuanzia sifuri, imelenga kwanza Linux na macOS, mifumo ya kompyuta, kwa hiyo mwenye simu hapa Igoma aendelee kuota. Na nyie wa iPhone mnaojitapa kwamba mmeshabadilisha brauza, mmebadilisha jina na rangi. Apple inazilazimisha zote zitumie injini yake, WebKit. Ilipolegeza kamba mwaka 2024 na iOS 17.4, mfumo wa iPhone, ililegeza kwa Umoja wa Ulaya. Nyamagana haimo.

Kitu pekee nilichoona kwa macho kikibadilisha hali kwenye simu za wateja ni kuzuia takataka zisije kabisa. Firefox ya Android inakubali uBlock Origin, kiendelezi cha kuzuia matangazo, na tangu Desemba 2023 imefungulia viendelezi vingi baada ya kuvibana ilipojengwa upya 2020. Ukurasa wa habari uliokuwa unajikokota unafunguka, kwa sababu zile salamu zisizo na kazi zimekatwa. Lakini hata hiyo, RAM ikibana, fomu inapotea vilevile. Sijaona inayoitunza kwa uhakika. Kama ipo nitajieni, mimi nitaibandikia karatasi kibandani bure.

Halafu tusiwalaumu wenye brauza peke yao, huo utakuwa uonevu. Hao wenye tovuti wanatuponda. Unafungua ukurasa wa kulipia kitu cha elfu chache, unakutana kwanza na picha kubwa za viongozi zinazojizungusha, mmoja anakata utepe, mwingine anapokea cheti, kila picha imepakiwa kama ilivyotoka kwenye kamera. Chini yake video. Chini yake tangazo linalokimbia kulia kwenda kushoto. Kitufe cha "Lipia hapa" kiko mwisho kabisa, na ukikaribia kukibofya picha nyingine inamaliza kufunguka, kinasogea, unabofya salamu za sikukuu. Nani aliwaomba salamu za sikukuu? Na kwa nini fomu ya kurasa nyingi isihifadhi kila hatua, mtu akirudi aendelee alipoishia? Hilo linawezekana leo, bila brauza mpya ya mtu yeyote.

NYONGEZA: Naona majibu yameanza. Mkuu uliyesema "nunua simu ya maana", asante kwa ushauri. Mpelekee na yule mama, mwambie aache kununua dagaa msimu huu ili fomu isipotee.

Mkuu mwingine ameuliza kwa nini nisitumie programu ya ofisi husika badala ya brauza. Ipo. Nafasi ya kuipakua ndiyo haipo, na ikipakuliwa kwa kufuta picha za wajukuu, inafungua tovuti ileile ndani yake. Jaribu kubofya kwa muda mrefu kwenye maandishi uone, yanachagulika kama ya ukurasa wa brauza.

Na wewe uliyeniita mpinga maendeleo: hiyo brauza ikitoka nitaipakua siku hiyohiyo. Ninyi mlioko kwenye majaribio, hasa wa Nansio, Kome na Sengerema vijijini, ifanyieni kazi hii. Chukua simu ya GB 2, WhatsApp iwe imejaa. Jaza fomu ndefu mpaka katikati, pokea simu, fungua meseji, rudi. Kisha andika hapa aina ya simu, toleo la brauza, na kama maandishi yako uliyakuta. Michoro ya Speedometer bakini nayo.