Menyu ya harusi ya watu 300: Pangani na Marangu meza moja, na wasiokula nyama wapo

Kamati_Chakula

Wadau habari zenu. Harusi ni wiki sita zijazo, ukumbi uko Morogoro mjini, wageni 300, watoto kama 40 wakiwemo. Bibi harusi kwao Pangani, pwani ya Tanga, bwana harusi kwao Marangu, Kilimanjaro, kwa hiyo ukumbini kutakuwa na Waislamu na Wakristo karibu nusu kwa nusu. Meza mbili ni za familia za Kihindu ambazo hazigusi nyama wala mayai. Wazee wenye kisukari nao wapo. Sherehe inaanza saa 1 usiku, chakula saa 2 na nusu.

Kikao cha mwisho orodha ilifika vyakula 14: pilau, biriani, wali wa nazi, chipsi, ndizi, makaroni, kuku wa aina mbili, samaki na kadhalika. Kila mjumbe anatetea chake. Nahitaji kujua tubakize nini, tununue kiasi gani, na tufanyeje ili meza za nyuma zisikute masufuria matupu.

JikoKuu_Tanga

Mkuu, punguzeni. Vyakula 14 havimfurahishi mtu, vinamaliza nyama tu. Mgeni akiona vitoweo vitano anachukua kipande cha kila kimoja, wali anaugusa tu. Meza kumi za kwanza zinakula nyama ya meza ishirini.

Bakizeni wanga wa aina tatu: pilau ya ng'ombe, wali wa nazi na machalari, yaani ndizi za kupikwa na nyama za Wachaga. Hapo pande zote mbili zimekuta chakula cha kwao. Kitoweo kikuu kuku wa kuoka, kipande kimoja kwa mtu. Kisha maharage ya nazi, mchicha, kachumbari, pilipili ya pembeni, na matunda. Samaki waacheni. Kwa watu 300 usiku, mbali na pwani, samaki akishapoa hana ladha, na miba kwa watoto ni balaa. Chipsi zikikaa dakika 20 kwenye chombo chenye mfuniko zinalowa.

Vipimo. Kilo moja ya mchele inatosha watu 8, kwa hiyo kilo 38: za pilau 25, za wali wa nazi 13. Nyama ya pilau kilo 15, ya machalari kilo 12, yenye mifupa. Kumbuka nyama ikichemka inapoteza karibu theluthi ya uzito. Kuku wenye kilo moja na robo hadi moja na nusu baada ya kusafishwa, ukikata vipande 8, wanatosha 38, nunueni 42. Ndizi za machalari hesabuni kwa kilo, msinunue kwa mkungu, maana mikungu haifanani. Nusu ya wageni ndio watakaochukua, gramu 200 kila mmoja bila maganda, hiyo ni kilo 30. Maganda yanaondoka na zaidi ya theluthi, kwa hiyo nunua kilo 50. Tafuteni ndizi aina ya mshare, na msichanganye aina mbili za ndizi sufuria moja, haziivi kwa muda mmoja.

Halafu kuna watu ambao kamati nyingi husahau kuwahesabu: MC, wapiga picha, wapiga muziki, madereva, wahudumu. Hao hufika 20 na wanakula pia.

Sasa pilau, kwa sababu ndipo harusi nyingi zinapoharibikia. Kilo 25 zisipikwe sufuria moja. Uzito wa mchele wa juu unaukandamiza wa chini, unapata bokoboko chini na kiini kigumu juu. Gawa mara mbili, kilo 12 na nusu kila sufuria, sufuria lenyewe liwe la lita 60 kwenda juu. Kwa kila sufuria: vitunguu maji kilo 2 na nusu, mafuta lita moja na nusu, kitunguu saumu nusu kilo, tangawizi robo. Binzari nyembamba gramu 180, mdalasini 60, iliki 50, pilipili manga 50. Karafuu gramu 20 tu, ikizidi pilau inakuwa chungu na hakuna dawa.

Vitunguu kwa wingi huo vinachukua dakika 25 hadi 30 kufika rangi ya kahawia iliyokolea. Mpishi mwenye haraka anaongeza moto, vinaungua pembeni huku katikati vibichi, pilau inatoka nyeusi na chungu. Rangi ya pilau inatoka hapo, si kwenye unga wa rangi.

Maji. Nyumbani watu wamezoea vikombe viwili kwa kimoja. Kwenye sufuria kubwa usifanye hivyo, mvuke unaopotea ni mdogo ukilinganisha na wingi wa chakula. Loweka mchele dakika 30, chuja vizuri, kisha pima supu kwa jagi: lita 17 kwa zile kilo 12 na nusu. Supu uionje kabla mchele haujaingia, iwe na chumvi iliyozidi kidogo ulimini, kwa sababu mchele utainywa. Ikishakauka juu, toa kuni, bakiza makaa machache chini na upalie makaa mengine juu ya mfuniko. Geuza mara moja tu, kwa mwiko mrefu, kutoka pembeni kwenda katikati.

Na mchele wote utoke gunia la aina moja. Wiki moja kabla, pikeni kilo moja ya mchele huohuo. Mchele mpya unahitaji maji kidogo kuliko uliokaa ghalani, na gunia lililochanganywa halina kipimo kitakachokuokoa.

Bint_Mvita

Salaam kutoka Mombasa. Harusi ya watu wa pwani bila biriani? Mimi ningeondoa wali wa nazi niweke biriani ya mbuzi. Wageni wa Pangani wataikumbuka.

JikoKuu_Tanga

Dada, biriani naipenda na kwa watu 100 ningekuunga mkono. Ila ni vyungu viwili vya kazi: wali wake na rojo lake. Kwenye bufe, wa mbele wanachota rojo na nyama yote, wa nyuma wanabaki na wali wa rangi mkavu. Ikibidi iwepo, iwe ya meza kuu na meza za wakwe tu, ipakuliwe jikoni. Wali wa nazi nao una masharti yake: nazi 2 kwa kilo ya mchele, tui likamuliwe alasiri hiyohiyo na wali upikwe mwisho. Tui la asubuhi kwa joto la Morogoro litachacha kabla ya jioni.

Ukumbi_na_Meza

Naongezea upande wa wageni wenyewe.

Nyama yote ya ukumbini iwe halali, na aliyechinja ajulikane. Msiweke kona ya "nyama ya Wakristo" na kona ya "nyama ya Waislamu", maana miiko ya kupakulia inahama na wageni wa kwanza kuacha kula ni wale mliotaka kuwaheshimu. Muulizeni mpishi pia analoweka kuku kwa nini. Wapo wanaotumia bia kulainisha nyama. Kitimoto (nyama ya nguruwe) kama ukoo unakitaka, kiwe shughuli nyingine, siku nyingine, na nyavu za kuchomea zisiletwe hapa.

Kwa meza mbili za Kihindu msiwaambie "mtakula maharage". Wapigieni simu kwanza waulizwe kama wanakula kitunguu na kitunguu saumu, wako wasiokula kabisa. Kisha wapikieni wali mweupe, dengu, mboga ya viazi na njegere, chapati zisizo na samli ya shaka, kwa masufuria na pawa zao, tangu mwanzo. Upawa uliotoka kwenye pilau ukiingia kwenye dengu, chakula kile kimeharibika kwao, hata kama hakuna aliyeona. Wapelekewe mezani.

Mchicha upikwe bila karanga. Karanga zilizosagwa ziwekwe bakuli pembeni na kikaratasi kilichoandikwa INA KARANGA. Kila chombo kiwe na jina lake, watu wasifungue mifuniko kubahatisha huku chakula kinapoa.

Wazee wahudumiwe walipokaa, wao na watoto wawe wa kwanza kula. Mwenye kisukari anahitaji kula kwa wakati, hasa kama amechoma sindano au kumeza dawa. Kumpanga foleni hadi saa 4 usiku ni hatari. Sahani yake: mboga nyingi, maharage, kipande cha kuku, wali kidogo. Na maji yawe mengi mezani, si soda tupu.

Kuhusu meza za nyuma: mtu mmoja anatumia kama sekunde 15 kwenye bufe. Watu 300 kwa mstari mmoja ni dakika 75. Wekeni meza mbili za bufe, kila moja ichukuliwe pande zote, mnapata mistari minne na dakika 20 hivi. Wali na mboga mgeni ajipakulie, kuku apakue mhudumu. Hilo peke yake linaokoa kuku wa meza za mwisho. Na wageni wakifika saa 1 wapewe sambusa mbili kila mmoja. Mwenye njaa ya saa moja na nusu anajaza sahani kwa macho.

Kamati_Chakula

Ahsanteni sana, nimeshaanza kufuta kwenye orodha. Mawili yamebaki. Upande wa Marangu wanataka ndafu, yaani mbuzi mzima wa kuchoma. Na ratiba ya jikoni iweje ili chakula kisipoe wala kisilale?

JikoKuu_Tanga

Ndafu iwepo, ni heshima yao, ila msiihesabu kama kitoweo. Ni mbuzi mmoja wa kukatwa mbele za watu na kulishana maharusi na wakwe. Achinjwe kwa taratibu za Kiislamu ili upande wa pili nao waonje. Anahitaji saa 4 hadi 5 za makaa ya taratibu. Pa kuangalia ni ndani ya paja karibu na mfupa. Ngozi ya nje inaweza kung'aa vizuri na pale pakatoka damu mbele ya wakwe. Mpishi achane paja kwa ndani kabla hajaanza kuchoma.

Ratiba: nyama ichemshwe saa 8 mchana, vitunguu saa 10, mchele wa pilau uingie saa 12 jioni. Wali wa nazi na machalari saa 12 na nusu. Kuku atoke kwenye moto saa 1 na nusu. Nyanya na vitunguu vya kachumbari vikatwe kwenye ubao ambao haujagusa kuku mbichi, na chumvi na limau viingie saa 2 na dakika 20, vikiingia mapema inajaa maji.

Chakula cha moto kikae juu ya nyuzi 60, kisikae nje bila moto kwa muda unaozidi saa mbili. Wali hasa, kuna vijidudu vyake visivyokufa kwa kupikwa, na vinazaliana ukipoa taratibu. Kwa hiyo msimwage sufuria lote kwenye bufe. Jazeni chombo nusu, mkiongeza kadiri kinavyopungua, sufuria mama libaki limefunikwa na makaa juu. Kilichobaki humo ndicho cha kufungia watu wa nyumbani. Kilichokaa kwenye bufe hadi saa 6 usiku kisifungwe.