Kaylia Nemour: kwa nini mwaka mmoja wa kusubiri ulikuwa mzito kiasi kile?

Mwalimu wa Michezo ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninafundisha elimu ya viungo katika shule ya sekondari, na wanafunzi wangu wa kike wamevutiwa sana na Kaylia Nemour, binti wa Algeria aliyetwaa medali ya dhahabu katika vyuma viwili visivyolingana kimo kwenye Michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024. Nilipoanza kuwasimulia habari zake nilijikuta sina majibu ya kutosha. Ninafahamu kwamba alizaliwa na kukulia Ufaransa, na kwamba kabla hajaanza kuiwakilisha Algeria kulizuka mvutano mkubwa kuhusu kuruhusiwa kwake kuhama. Ninachoomba kueleweshwa ni hiki: kama suala lenyewe lilikuwa kusubiri takriban mwaka mmoja tu, kwa nini lilifika hadi kwa mawaziri? Mchezaji wa mpira anaweza kukaa nje msimu mzima kwa jeraha na akarudi bila watu kuhamaki hivyo. Je, ni kweli kwamba wasichana wa jimnastiki hufikia ukomo wakiwa na miaka 17 au 18, kiasi kwamba kila mwezi unaopotea haurudi?

Bi Msomi akajibu:

Mwalimu, swali lako ni zuri, nami nitaanza na kalenda, kwa kuwa humo ndimo jibu lilimo.

Nemour alizaliwa tarehe 30 Desemba 2006. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Jimnastiki humruhusu msichana kushindana na watu wazima katika mwaka ule anaotimiza miaka 16, bila kujali ni mwezi gani, kwa hiyo yeye alihesabiwa mtu mzima tangu mwaka 2022, ilhali aliyezaliwa siku mbili baada yake alilazimika kungoja hadi 2023. (Zamani mambo hayakuwa hivyo. Nadia Comăneci wa Romania alipopata alama kumi kamili kule Montreal mwaka 1976, alikuwa na miaka 14.) Mwaka 2021 alifanyiwa upasuaji wa magoti, na baada ya hapo daktari wa shirikisho la Ufaransa hakuridhia arudi kwenye mashindano ingawa upande wa familia ulikuwa na maoni mengine ya kitabibu. Kukawa pia na mvutano kuhusu mahali pa kufanyia mazoezi, kwa sababu yeye na makocha wake, Marc na Gina Chirilcenco, walitaka abaki katika klabu yao ya Avoine, mji mdogo ulio mbali na Paris. Mwaka 2022 familia ikaamua aiwakilishe Algeria, nchi ya asili ya baba yake.

Hapo ndipo kusubiri kunapoingia. Mchezaji aliyekwisha kuiwakilisha nchi moja hawezi kuhamia nyingine na kupanda jukwaani mara moja: shirikisho la awali likiridhia, njia hufupishwa, lisiporidhia, hungoja. Ufaransa haikuridhia. Laiti ungekuwa mwaka wa kawaida, pengine asingelalamika mtu. Lakini nafasi nyingi za Olimpiki ya Paris ziligawiwa kwenye Mashindano ya Dunia ya Antwerp, Ubelgiji, mwaka 2023, na kwa mchezaji wa Afrika, mlango wa kwenda Antwerp ulikuwa Mashindano ya Afrika yaliyofanyika Pretoria mwezi Mei mwaka huohuo. Asiyefika Pretoria hafiki Antwerp, na asiyefika Antwerp njia yake ya Paris inakuwa nyembamba mno. Ruhusa ilitolewa Mei 2023, baada ya waziri wa michezo wa Ufaransa kuingilia kati, zikiwa zimebaki siku chache tu. Akaenda Pretoria, akawa bingwa wa Afrika wa vifaa vyote kwa jumla, yaani alama za vifaa vyote zikijumlishwa.

Mzee wa Boriti akajibu:

Naungana na Bi Msomi, ila ningependa mwalimu awaoneshe wanafunzi wake pia kile kilichotokea juu ya vyuma vyenyewe, maana mabishano ya ofisini yasingekuwa na uzito wowote kama binti asingekuwa na kiwango cha kubishaniwa.

Alama za jimnastiki siku hizi zina sehemu mbili. Sehemu ya ugumu huanzia sifuri na kupanda kadiri mchezaji anavyoongeza miruko na miunganiko migumu, wala haina kikomo kilichowekwa. Sehemu ya utekelezaji huanzia kumi na kushuka: goti likikunjwa, vidole vya miguu visiponyooka, mwili ukikosa kusimama wima juu ya chuma wakati wa kugeuka, majaji hukata. Kuanguka peke yake hukata alama moja nzima. Kwenye fainali ya tarehe 4 Agosti 2024, Nemour alipata 7.2 za ugumu na 8.5 za utekelezaji, jumla 15.700. Qiu Qiyuan wa China alikuwa wa pili kwa 15.500, na Sunisa Lee wa Marekani wa tatu kwa 14.800. Tafadhali itazame hesabu hiyo kwa makini. Mkono mmoja ungeteleza na binti akadondoka, angebaki na 14.700 kwa makisio ya chini kabisa ya hasara, na hata medali ya shaba ingempita.

Wengi husema ameshinda kwa ugumu. Mimi sikubaliani nao moja kwa moja, kwa sababu Qiu naye hubeba zoezi gumu sana, na mwaka mmoja kabla, kule Antwerp, ni Qiu aliyechukua dhahabu kwa 15.100 dhidi ya 15.033 za Nemour. Fedha ile ilikuwa medali ya kwanza ya Afrika katika Mashindano ya Dunia ya jimnastiki ya kisanaa, lakini tofauti ilikuwa uzi. Ninachokiona mimi katika zoezi la Paris ni mwendelezo. Anaachia chuma cha juu, anapita juu yake kinyumenyume, anakidaka, na kabla jicho halijatulia amekwisha kuingia kwenye mruko mwingine bila bembea ya ziada ya kujipanga. Bembea hiyo ya ziada wachezaji wengi hawawezi kuiepuka, na inapoonekana majaji hukata.

Mtoto wa Mjini akajibu:

Ndugu zangu, mmeeleza vyema, lakini naona lawama yote inaelekezwa Ufaransa kana kwamba tahadhari ni kosa. Mtoto wa miaka 14 aliyepasuliwa magoti si jambo dogo. Mifupa yake bado inakua, na kila anaposhuka kutoka kwenye vyuma magoti hayohayo ndiyo yanayopokea uzito. Daktari anayesema “bado” anaweza kuwa ndiye mtu pekee chumbani asiyewaza medali. Kwa maoni yangu, kilicholeta tatizo ni kuliacha suala la afya na suala la uraia wa kimichezo vichanganyike mikononi mwa watu walewale, hadi ikawa vigumu kwa mtu wa nje kujua lipi linaamuliwa kwa ajili ya nini.

Aidha, tusijidanganye sana kuhusu ushindi wa Afrika. Ninaufurahia, na nilisimama wimbo wa Algeria ulipopigwa katika ukumbi wa Bercy, mbele ya Wafaransa ambao timu yao ya wanawake haikufika fainali. Hata hivyo, ustadi ule ulijengwa Avoine. Msichana wa Oran kule Algeria au wa Dodoma mwenye kipaji kama hicho bado anahitaji ukumbi, magodoro ya kuangukia, na kocha wa kukaa naye miaka kumi.

Mwalimu wa Michezo:

Nawashukuru nyote. Naomba nirudi kwenye sehemu ya mwisho ya swali langu, kwa kuwa wanafunzi wataniuliza: umri una ukomo au hauna?

Bi Msomi:

Hauna ukomo wa namna inayodhaniwa, mwalimu. Simone Biles alikuwa na miaka 27 alipotwaa dhahabu ya vifaa vyote kwa jumla huko Paris, katika fainali ambayo Nemour alimaliza wa tano. Oksana Chusovitina, aliyeanza Olimpiki mwaka 1992, alipata fedha ya kuruka meza mwaka 2008 akiwa na miaka 33, na alikuwa bado anashindana Tokyo mwaka 2021. Nemour mwenyewe hakuishia Paris: mwaka 2025 alishinda dhahabu ya vyuma katika Mashindano ya Dunia ya Jakarta.

Kwa hiyo nisingewaambia wanafunzi kwamba mwili ungemwisha muda kama asingeruhusiwa mwaka 2023. Angekuwapo, na huenda angekuwa bora zaidi. Kilichokuwa hatarini ni nafasi ya Paris, na Olimpiki iliyofuata ni Los Angeles 2028, atakapokuwa na miaka 21. Mchezaji wa mpira anayekosa msimu hungoja ligi ya mwaka ujao, ilhali huyu angengoja miaka minne, huku akifanya mazoezi kila siku kwa magoti yaliyokwisha kupasuliwa. Wanafunzi wako wakitaka kuona thamani ya ile ruhusa ya Mei, wahesabu wenyewe siku kutoka Pretoria hadi Antwerp, kisha hadi Paris: ni miezi 15 hivi.