MicroKORG ya mtumba au laptopu na programu?

NjiroUsiku: Wakuu, habari za jioni. Nimetoka kwenye bendi, sasa nataka kutengeneza albamu peke yangu: progresivu roki yenye elektroniki nyingi, nyimbo ndefu, sauti zinatanda taratibu kabla gitaa halijaingia. Kuna jamaa hapa Arusha anauza microKORG, kinanda kidogo cha sauti za elektroniki. Au ninunue kibodi ya MIDI ya kupigia sauti za programu, na kadi ya sauti, nitumie laptopu? Jamaa anataka jibu Ijumaa.

MzeeWaRau: Bajeti? Laptopu ina RAM ngapi? Utapiga jukwaani au ni kurekodi tu? Bila hayo tunapiga ramli.

FundiSauti: Laptopu. Ile microKORG inatoa noti nne tu kwa pamoja, ukigusa ya tano nyingine inakatika. Kwa muziki wa kutanda ni kero. Programu za sauti kama Vital na Surge XT unazipata bure.

DadaWaSakina: Sikubaliani, kaka. Unarekodi safu juu ya safu. Mike Oldfield alipiga karibu vyombo vyote vya albamu ya Tubular Bells (1973) kwa mtindo huo. Na umeme ukikatika, microKORG inakula betri sita za AA.

FundiSauti: Laptopu nayo ina betri, dada.

MzeeWaRau: Mtumba muwe nao macho. Mimi nililetewa kinanda cha Japani kwa basi kutoka Dar. Muuzaji akaapa adapta inakubali umeme wetu. Kuchomeka tu, taa ikawaka, harufu ya kuungua, basi. Kibandiko cha adapta kilikuwa kimekwanguliwa. Fundi wa Moshi mjini alipoifungua akakuta ni ya volti 100, na kwetu ni 230. Bodi yote imekwenda. Nikampigia muuzaji, akasema basi ndilo lililokitikisa, kisha akaacha kupokea simu. Hela ya mahindi ile! Kijana, kijaribu kitufe kimoja kimoja, na adapta yake, kabla hujatoa hata shilingi.

NjiroUsiku: Pole sana, mzee. Bajeti laki nane, RAM GB 4. Kurekodi kwanza, jukwaa baadaye.

FundiSauti: RAM 4! Ungesema mapema. Plagini (hizo programu za sauti) chache tu laptopu itakwama, utapandisha bafa, yaani akiba ya sauti kabla haijatoka, hadi sampuli 512, na kwenye 44.1 kHz hizo ni karibu milisekunde 12 za kuchelewa. Pedi, zile sauti za kutanda, zitavumilia, gitaa hapana. Ongeza RAM kwanza.

MeruKaskazini: Lakini roki bila mpiga ngoma ni roki kweli?

DadaWaSakina: Bendi ya Porcupine Tree ilianza 1987 ikiwa ni Steven Wilson peke yake na ngoma za mashine.

MeruKaskazini: Na alipopata wenzake muziki ukapanda. Ndicho ninachosema.

DadaWaSakina: Ulipanda kwa sababu nyimbo zilikuwepo tayari!

MzeeWaRau: Huku Rau kuna kijana anapiga ngoma za 7/8, mapigo saba kila mzunguko, bila kuhesabu. Kanisani hawampi nafasi, wanataka 6/8 tu.

NjiroUsiku: Mzee, wimbo wangu wa kwanza ni 7/8. Ana ngoma zake mwenyewe au anaazima?