Kesi ya tuktuk: aache dhamana ipotee ama aende kortini?

Steji_MwembeTayari
Salaam jamani. Dereva wa tuktuk ameshikwa Mwembe Tayari, hapa Mombasa, kwa kuziba njia na kutoonyesha leseni. Ametoka kwa dhamana ya shilingi 5,000, kesi Jumanne. Stejini wanamwambia aiache tu hiyo 5,000, yaishe. Ni sawa?

Bin_Makupa
Asithubutu, yakhe! Dhamana si faini. Asipotokea, pesa zinachukuliwa, hati ya kumkamata inatoka, na kesi iko pale pale. Aende na risiti, tena aangalie jina lililoandikwa. Kama aliyelipa ni tajiri wa tuktuk, lazima naye akubali ndipo igeuzwe faini.

Kanuni za makosa madogo ya trafiki za 2016 zinataja 10,000 kwa kuziba njia na 1,000 kwa leseni, lakini hivyo ni viwango vya anayekubali notisi ya polisi na kulipa bila kufika kortini. Kizimbani, hakimu anaongozwa na Sheria ya Trafiki yenyewe.

Mwana_Kibokoni
Hapo kwenye kujibu ndipo wengi wanapoanguka. Akisomewa shtaka ataulizwa ni kweli ama si kweli. Akisema "ni kweli", mwendesha mashtaka anasoma maelezo: mahali, saa, tuktuk ilivyosimama. Asikilize vizuri. Akijibu "ni kweli, lakini ilizimika nikashindwa kuisukuma", hakimu anatakiwa aandike si kweli na kesi isikizwe. Ndivyo ilivyo tangu kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, 1973. Kama hakuelewa lugha, aseme kabla hajajibu, si baadaye, kwa sababu aliyekiri hukata rufaa juu ya adhabu tu, tena ndani ya siku 14.

Akishakiri maelezo, aombe kupunguziwa: kosa la kwanza, riziki ya kila siku. Leseni aje nayo. Haifuti kosa, ila inaonyesha anayo. Hapo hapo aombe dhamana iingie kwenye faini.

Steji_MwembeTayari
Na dhamana ikiwa ndogo kuliko faini?

Bin_Makupa
Aombe muda wa kulipa kabla hajashuka kizimbani. Kila kosa lina faini yake, na ikishindikana kifungo ni chake pia: faini ya zaidi ya 2,500 hadi 15,000, kisichozidi miezi 3. Mtu wa kulipa awe nje na simu ina salio, mshtakiwa atangojea selo mpaka risiti itoke.

Bima je, iko hai? Kukosa bima si kosa dogo: ni Sura 405, sheria ya bima ya magari, faini hadi 100,000 ama miaka 2, ama vyote viwili.