Sugu za miguuni: tupeane uzoefu, kilichokusaidia na kilichokuharibu

Mama Wawili (mtoa mada)
Wanajamvi, habari za jioni. Jana nilikuwa msibani, viatu mlangoni, tumekaa mkekani. Mtoto wa shemeji yangu, miaka minne, akanishika kidole kidogo cha mguu akauliza kwa sauti: "Mama mkubwa, mguu wako una jicho?" Nikauficha chini ya kanga mpaka tulipoondoka. Kweli kabisa, lile duara la njano lenye kiini katikati ni jicho. Lina miaka sita sasa, lilianza nilipokuwa nasimama kaunta kutwa nimevaa mchuchumio. Kiatu kikiligusa ni kama nimekanyaga msumari. Wembe nimejaribu. Kitunguu saumu cha kuponda nimejaribu, kikanitoa malengelenge. Aliyepona aseme alifanyaje.

Kijana wa Mbagala
Kitunguu saumu kiliniunguza na mimi. Usirudie dada.

Konda Mstaafu
Miaka 11 mlangoni mwa daladala, nasimama mguu mmoja, mwingine hewani. Sugu ya unyayo naijua. Dawa ni wembe. Oga maji ya moto, ngozi ikilainika unakata taratibu, unapaka mafuta, unalala. Watu wanaogopa bure.

Muuguzi wa Zamu
Konda, hapana. Sugu ni ngozi inayojilinda, inanenepa pale inaposuguliwa au kubanwa. Ile pana ya unyayoni mara nyingi haiumi sana. Ya mtoa mada ina kiini kigumu kinachosukuma ndani, ndiyo maana anasikia msumari. Ukikata juu, kiini kinabaki na kiatu ni kilekile, kwa hiyo itarudi. Dada, loweka mguu kwenye maji ya vuguvugu dakika 10, sugua kidogo kwa jiwe la miguu, paka mafuta mazito au krimu ya yurea. Fanya hivyo kila siku, na usitake kuimaliza siku moja.

Konda Mstaafu
Hiyo krimu mwenye familia ya watu saba anaitoa wapi? Wembe ni bei ya andazi.

Muuguzi wa Zamu
Mafuta ya mgando uliyonayo nyumbani yanatosha. Sijakwambia ununue kitu.

Ustadhi wa Jioni
Yangu iko kwenye kifundo cha mguu wa kushoto, kwa kukaa tahiyatu miaka yote. Haiumi. Naiacha.

Mwalimu wa Darasa la Tatu
Mimi zilinisaidia plasta za duara zenye dawa katikati, asidi ya salisiliki. Ila ya kwanza niliibandika vibaya, ikala ngozi nzima ya pembeni ikawa nyeupe kama iliyopikwa. Ikate ikae juu ya sugu tu. Halafu hakikisha si chunjua. Yangu moja nilihangaika nayo mwaka mzima, kumbe chunjua. Ukiminya pembeni ikauma zaidi kuliko kuibonyeza juu, na ukaona vidoadoa vyeusi, nenda ukaangaliwe.

Binti wa Fundi Cherehani
Nilikuwa nasoma tu, lakini hilo la wembe limenirudisha mbali.

Baba yangu ni fundi cherehani Tanga. Miaka zaidi ya 30 anakanyaga pedeli, sugu yake ilikuwa chini ya dole gumba la kulia. Kila Ijumaa kabla ya msikiti anakaa barazani na beseni na wembe, tangu sisi watoto wadogo. Halafu akapata sukari. Hakuna aliyetuambia kwamba sukari inaua hisia za miguu, na baba aliona raha kwamba sugu imeacha kuuma.

Ijumaa moja alikata akapita ngozi akaingia nyama. Hakusikia chochote. Akavaa soksi, akaenda kuswali, akarudi kushona. Siku nne. Mama ndiye aliyegundua, anafua soksi akaona damu na usaha umekauka. Mtoki ulikuwa umeshamvimba, homa inapanda. Hospitali walikata dole gumba. Wiki mbili baadaye wakatuita tena, kidonda kilikuwa kimepanda, wakakata na vidole vinne vilivyobaki. Mimi ndiye niliyetia saini, kaka alikuwa safarini. Ule wembe niliukuta barazani, bado kwenye karatasi yake. Sasa anashonea mashine ya mota.

Kijana wa Mbagala
Pole sana dada.

Mwalimu wa Darasa la Tatu
Pole. Nyongeza: mwenye sukari asiguse hata zile plasta nilizosema. Nilipaswa kuandika mwanzo.

Fundi Viatu
Poleni. Nirudi kwa mtoa mada, maana naona amesahauliwa. Mnatibu mguu, kiatu kinaendelea kubana. Simama juu ya karatasi, chora mguu wako, weka kiatu juu ya mchoro. Mstari ukitokea nje ya kiatu, hapo ndipo sugu inapoota. Na kiatu nunua jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo.

Mdada wa Mitumba
Fundi, jioni pale sokoni namba nzuri zimeshaondoka. Njoo saa 12 asubuhi.

Fundi Viatu
Basi aje asubuhi na ule mchoro wake wa jioni.

Konda Mstaafu
Binti wa fundi, nimesoma mara mbili. Mwaka jana nilipimwa nikaambiwa sukari iko juu kidogo, sikurudi. Muuguzi, vidole kufa ganzi usiku nayo inahesabiwa?

Muuguzi wa Zamu
Inahesabiwa kaka. Nenda kesho asubuhi kabla hujala, waoneshe na miguu. Mpaka hapo usiguse wembe.

Konda Mstaafu
Nimeuweka juu ya kabati. Naenda.

Mama Wawili (mtoa mada)
Nimechora. Kiatu cha kazini kimepungua upana wa kidole kizima, palepale kwenye jicho.