Tupeane uzoefu: kununua kamera iliyokarabatiwa, Lamu na Malindi

Bi Picha, Langoni

Assalam alaikum. Mimi ni mpiga picha wa harusi za wanawake hapa Lamu, na kwa kuwa siku ya kupamba bibi harusi mwanamume haingii, kazi sikosi. Ninachokosa ni fedha za kamera mpya. Miezi miwili iliyopita nilinunua Mombasa Canon EOS 6D iliyokarabatiwa, pamoja na lenzi yake, kwa dhamana ya siku 90, na muuzaji alinihakikishia kwamba imepiga picha 31,000 tu. Kamera yenyewe inafanya kazi vizuri, lakini picha ninazopiga kuelekea taa zimeanza kuwa na weupe kama wa moshi. Naomba wenzangu mliowahi kununua kamera za namna hii mweleze mlichokutana nacho, cha heri na cha shari, hasa mambo ambayo mtu anapaswa kuyakagua kabla ya kutoa fedha zake.

Mpiga Picha wa Ufuoni, Malindi

Wa alaikum salaam, dada. Swali langu la kwanza ni hili: hizo 31,000 ulionyeshwa, au uliambiwa tu?

Mimi huwapiga picha wageni wanaokuja kuuona Mnara wa Vasco da Gama, na nilinunua Nikon D750 iliyotangazwa kuwa imepiga picha 40,000. Kabla ya kulipa nilimwomba muuzaji anitumie kwa barua pepe picha moja ambayo haijahaririwa, na nilikataa anitumie kama picha ya kawaida ya WhatsApp, kwa sababu ikipita huko hupoteza taarifa zilizomo ndani ya faili. Nikon huandika humo idadi ya mara ambazo shata, yaani kile kipazia cha ndani kinachofunguka kila unapopiga picha, imefunguka, na programu ya kompyuta iliposoma ile faili ikaonyesha zaidi ya 118,000. Shata ya kamera hiyo ilijaribiwa kiwandani kwa mizunguko 150,000, kwa hiyo haikuwa inakata roho, na huenda ingevuka hata idadi hiyo. Nilimwambia muuzaji kwa upole kwamba kamera siikatai, ninachokikataa ni bei. Alipunguza theluthi moja, na huu ni mwaka wa tatu ninaitumia.

Ya kwako, kwa kuwa ni Canon 6D, haiandiki hesabu hiyo ndani ya picha. Lazima iunganishwe na kompyuta kwa waya na isomwe kwa programu maalumu, na muuzaji mwaminifu hachoki kukufanyia hivyo mbele ya macho yako.

Mama Yusra, Shela

Yangu ilikuja na kadi ndani, na kadi ilikuwa imejaa picha za familia ya watu, watoto wakiwa nyumbani kwao. Nilihisi kama niliyeingia chumbani mwa mtu bila kupiga hodi, nikazifuta zote. Bi Picha, wewe unayepiga wanawake waliovua buibui, siku utakayoiuza kamera yako usimwachie mtu kadi hata kama umeifuta, kwa maana picha iliyofutwa inaweza kurudishwa kwa programu.

Fundi wa Mkomani

Watu wengi huchanganya mtumba na kamera iliyokarabatiwa. Mtumba huuzwa jinsi ulivyo. Iliyokarabatiwa inapaswa kuwa imefunguliwa, imekaguliwa, imebadilishwa kilichochakaa, na ina dhamana ya maandishi. Ikiwa ilichofanyiwa ni kupanguswa kwa kitambaa na kutiwa katika boksi jipya, basi huo ni mtumba uliooga. Uliza ni nani aliyeikarabati, kampuni iliyoitengeneza au duka, na ni kitu gani hasa kilichobadilishwa.

Hata hivyo, kamera ninazoletewa hapa nyingi hazikufa kwa shata. Ziliuawa na hewa yetu. Unyevu wa pwani huotesha kuvu ndani ya lenzi, na kuvu ikikaa muda mrefu huula utando unaopakwa juu ya kioo, kiasi kwamba hata ukiisafisha alama zinabaki. Weupe unaousimulia, Bi Picha, unanitia shaka. Iondoe lenzi kwenye kamera, uwashe tochi ya simu upande mmoja, uchungulie kwa upande wa pili huku ukiiinamisha kidogo kidogo. Vumbi ni vitone, nalo si la kukunyima usingizi. Kuvu ina nyuzi kama za buibui.

Sensa, yaani kile kibati cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga na kuunda picha, nayo hukaguliwa kwa kupiga picha ya anga tupu, tundu la lenzi likiwa limebanwa hadi f/16, kisha uikuze na kutafuta madoa meusi. Kwa betri, ikiwa ni ya asili, menyu ya Canon yenyewe huonyesha vidoti vitatu vya kijani ikiwa bado inapokea chaji vizuri. Kuhifadhi ni katika kopo la plastiki lisilopitisha hewa, pamoja na vipakiti vya silika vya kufyonza unyevu. Mchele wenye vumbi uachieni pilau.

Mwisho, someni karatasi ya dhamana kabla ya kuondoka dukani. Nyingi haziingizi madhara ya unyevu, na kuirudisha kamera Mombasa kunamaanisha boti hadi Mokowe, basi, na siku mbili bila kazi.

Msafiri wa Kusi, Malindi

Mimi niliagiza ya kwangu bila kuuliza lolote, na kwa miaka minne haijanisumbua hata siku moja. Sijisifu; labda ni bahati.

Bi Picha, Langoni

Nawashukuru nyote. Hesabu ya picha sikuonyeshwa, niliambiwa, na niliamini kwa sababu muuzaji alizungumza vizuri. Usiku huu nimeimulika lenzi kama Fundi alivyoelekeza, na nyuzi zipo, karibu na ukingo, upande wa nyuma. Karatasi ya dhamana nimeisoma leo kwa mara ya kwanza, na imeandikwa wazi kwamba unyevu na kuvu havimo. Fundi, nina harusi wiki ijayo. Nitakuletea Jumamosi asubuhi, na naomba uniambie gharama kabla hujaifungua.