Stesheni ya treni inayovuka mpaka: kaunta ngapi, watumishi wangapi, forodha ikae wapi?

Mchora Stesheni

Wakuu, naomba msaada wa hesabu kwenye usanifu wa awali. Chukulia reli ya SGR ya Uvinza kwenda Musongati, Burundi. Najua inazungumzwa zaidi kwa ajili ya madini, lakini tuseme imeanza kupita treni ya abiria: mabehewa 10, watu 700. Zinaondoka mbili kwa siku, saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Stesheni iko mjini upande wa Tanzania, mbali na mpaka.

Nina maswali mawili. Kwanza, uhamiaji na forodha wakague stesheni ya kuanzia, ndani ya treni, au watu washuke mpakani kama abiria wa mabasi wanavyofanya Kabanga na Kobero? Pili, ukubwa wa ukumbi. Nimeelekezwa nitumie abiria wa siku nzima: 1,400 kugawanya kwa saa 16 za kazi ni kama 88 kwa saa, kwa hiyo kaunta mbili zinatosha. Napata wasiwasi na hesabu hiyo. Je, nina haki?

Hesabu za Foleni

Una haki, mkuu. Kaunta mbili zifute kabisa. Stesheni ya treni haipokei watu 88 kwa saa. Kwa muda mrefu haipokei mtu, halafu inapokea 700 kwa mkupuo. Ukubwa wa jengo unaamuliwa na treni moja iliyojaa. Jumla ya siku haihusiki.

Abiria ukiwaambia wafike saa moja kabla, nusu yao watakuja ndani ya dakika 20 zenye msongamano. Hao ni 350, yaani kama 18 kwa dakika. Sasa pima muda wa kaunta. Mwenye pasipoti inayosomwa na mashine tumpe sekunde 35. Mwenye hati ya muda ya kusafiria iliyojazwa kwa mkono anakula dakika mbili na nusu, kwa sababu afisa anaingiza kila kitu kwa kuchapa. Wakiwa asilimia 20 tu ya abiria, wastani unapanda hadi sekunde 58. Kaunta moja inamaliza mtu mmoja kwa dakika. Kwa watu 18, ukiacha asilimia 15 ya muda kwa mapumziko na matatizo, unahitaji kaunta 21.

Hati za muda zikishughulikiwa kwenye ofisi ya pembeni kabla ya foleni, taarifa zikawa zimeshaingia kwenye mfumo, wastani unarudi sekunde 35 na kaunta zinashuka hadi 13. Chumba cha mita 30 za mraba kinakuokolea kaunta nane. Hizo sekunde ni za mezani. Nenda Kabanga na saa ya kupimia, pima wasafiri 200, kisha badilisha namba.

Halafu usisahau kwamba ni nchi mbili. Kaunta 13 za kutoka Tanzania zinafuatiwa na kaunta za kuingia Burundi, na upande wa kuingia kwa kawaida ndio mzito. Kama hamtaki seti mbili, wakalisheni maafisa wawili kwenye kibanda kimoja, wa kutoka kwanza, wa kuingia pili, pasipoti inapita mkononi.

Eksirei ya mizigo: mkanda unaokwenda mita 0.2 kwa sekunde unaweza kwa nadharia kupitisha watu sita kwa dakika wenye mizigo miwili miwili. Kwa uhalisia shika wanne, maana wanaochelewesha ni watu kunyanyua mizigo na msomaji wa picha kurudisha mkanda nyuma. Mashine tano, na ya sita ya akiba. Tundu liwe la sentimita 100 kwa 100. Zile mashine ndogo za mizigo ya mkononi za uwanja wa ndege hazimezi shangazi kaja iliyojaa.

Ukumbi wa kusubiri uchukue asilimia 80 ya treni, mita za mraba 1.5 kwa mtu na mzigo wake: watu 560, mita za mraba 840, viti vya watu 340 hivi. Na upange pa kuwazuia watu nje ya ukaguzi treni ikichelewa, maana waliokwisha kukaguliwa hawarudi nyuma.

Behewa la Tatu

Swali la kwanza limerukwa. Mimi nasema ukaguzi ndani ya treni usidharauliwe. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, maafisa wamekuwa wakipanda mpakani, Tunduma na Nakonde, na reli ile ina kilomita 1,860 kati ya Dar es Salaam na New Kapiri Mposhi. Hakuna mtu aliyejenga ukumbi wa kaunta 26.

Hesabu za Foleni

Inafanya kazi pale treni ni chache, zinakwenda polepole na kuna usiku mzima njiani. Kwa treni hii, behewa moja lina watu 70. Afisa mmoja mwenye kifaa cha mkononi akitumia dakika moja kwa mtu, behewa linamchukua dakika 70. Unataka wote wamalizike kwa wakati huo, weka maafisa 10 wa nchi moja na 10 wa nchi nyingine, wote wasafiri na treni na wapewe pa kulala au treni ya kuwarudisha. Na kifaa kinategemea mtandao. Kwenye mabonde ya Malagarasi usiutegemee, pakia orodha ya wanaotafutwa kabla ya kuondoka. Tatizo kubwa kuliko yote ni anayekataliwa: unamshusha wapi, saa ngapi, na nani anamlinda?

Kuwashusha wote mpakani ndiko kubaya kuliko zote. Watu 700 wanashuka kwa mkupuo. Ngazi ya mita 2 inapitisha kama watu 110 kwa dakika, kwa hiyo kwa ngazi mbili jukwaa linakuwa tupu kwa dakika tatu na ushee. Kaunta 13 zinamaliza 22 kwa dakika. Foleni inafika watu 600 na zaidi, mita za mraba zaidi ya 700, na wa mwisho anatoka baada ya dakika 32 kabla hata ya kugusa forodha. Treni imesimama muda wote huo, na reli ikiwa ni ya njia moja, treni ya madini nayo imesimama nyuma yake.

Ndiyo maana Eurostar, yenye treni za viti karibu 900, hukagua kabla ya kupanda: maafisa wa Ufaransa wako St Pancras, London, na wa Uingereza wako Gare du Nord, Paris. Anayekataliwa anakataliwa akiwa bado kwao. Lakini sheria ilitangulia: Itifaki ya Sangatte ya 1991, kisha itifaki ya nyongeza ya 2000 iliyohusu stesheni. Walipokosa makubaliano na chumba, waliumia. Treni za moja kwa moja London kwenda Amsterdam zilianza Aprili 2018, lakini anayerudi alilazimika kushuka Brussels, kukaguliwa na kupanda treni nyingine, hadi Oktoba 2020.

Afrika Mashariki tuna Sheria ya Vituo vya Pamoja vya Mpakani, na kanuni yake ni nzuri: ukaguzi wa kutoka unamalizika kwanza, wa kuingia unafuata. Lakini stesheni yako iko mjini. Kabla ya kuchora ofisi ya maafisa wa Burundi, hakikisha kuna makubaliano ya nchi mbili yanayotaja stesheni hiyo kwa jina, mipaka ya eneo lao, na mamlaka ya kumshikilia mtu.

Jambo moja zaidi: treni ikichukua abiria wa ndani njiani, mfumo wote unavuja. Ama iende moja kwa moja baada ya kukaguliwa, ama mabehewa ya wavuka mpaka yafungwe milango ya kupitia na yawe na jukwaa lao lenye uzio.

Lakiri

Niingie upande wa forodha, kwa sababu wasanifu hutuachia korido iliyobaki.

Abiria wa huku si mwenye begi moja la magurudumu. Ni mchuuzi mwenye viroba, dagaa wa Kigoma, vitenge. Mizigo mikubwa isipite ukumbi wa abiria kabisa. Weka ofisi ya mizigo yenye mlango wa upande wa barabara, mizani, eksirei yake na kaunta ya forodha. Ipokee kuanzia saa tatu kabla ya treni na ifunge dakika 90 kabla. Mzigo unapewa tiketi yenye namba ya pasipoti ya mwenyewe, unaingia behewa la mizigo, behewa linafungwa kwa lakiri (muhuri wa forodha usiofunguka bila kuvunjwa) na namba ya lakiri inaandikwa kwenye orodha inayotumwa upande wa pili. Mwenye mzigo akikataliwa uhamiaji, mzigo wake ushuke. Bila ile tiketi mtavunja lakiri na kupekua behewa zima.

Mchuuzi mwenye bidhaa za Jumuiya ya Afrika Mashariki zisizozidi dola 2,000 anatumia cheti rahisi cha uasili wa bidhaa. Kitolewe hapo hapo kwenye ofisi ya mizigo, pamoja na dawati la afya ya mimea kwa maharage na mbegu. Ukimpeleka jengo jingine atapita kando.

Ukumbi wa wanaowasili uwe na njia ya kijani kwa asiye na cha kutangaza na njia nyekundu kwa mwenye nacho, na zigawanyike mahali ambapo mtu anaona zote mbili kabla ya kuchagua. Bango la viwango likae kabla ya mgawanyiko: pombe kali lita 1 au mvinyo lita 2, tumbaku gramu 250, fedha taslimu kuanzia dola 10,000 zitangazwe, na mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019 itupwe kwenye pipa. Kiswahili, Kirundi, Kifaransa, Kiingereza. Meza za kupekulia ziwe za chuma kisichoshika kutu, urefu wa mita 2, na afisa asimame ukutani ili abiria asiwe nyuma yake.

Mbwa wa kunusa wanahitaji nafasi yao. Waliosafiri na Madaraka Express, treni ya Nairobi na Mombasa, wanajua: mabegi yanapangwa mstari, watu wanarudi nyuma, mbwa anapita. Mstari wa mita 18 unachukua mabegi kama 30. Uwe chini ya paa, na sakafu isiyo ya moto.

Na milango ya dharura. Zimamoto wanataka ifunguke, forodha tunataka ifungwe. NFPA 130, kiwango cha Marekani cha usalama wa moto kwenye reli za abiria, kinataka jukwaa liwe tupu ndani ya dakika 4 na watu wafike mahali salama ndani ya dakika 6. Suluhisho ni milango ya kusukuma yenye king'ora, inayotokea kwenye uwanja wenye uzio ulio upande ule ule wa ukaguzi. Kufuli la ufunguo hapana.

Mchora Stesheni

Nawashukuru sana. Kaunta 13 zenyewe, watumishi wangapi? Nikitumia saa za kazi napata wanane.

Msimamizi wa Zamu

Naona ulivyofanya: kaunta 13, saa tatu kwa siku, siku 365, ni saa 14,235, ukagawanya kwa saa 1,900 anazofanya mtu kwa mwaka baada ya likizo na ugonjwa. Hao wanane hawawezi kukaa kwenye viti 13 kwa wakati mmoja, mkuu.

Treni zinapishana saa 12, kwa hiyo ni timu mbili za watu 13, jumla 26. Wiki ya saa 45 kwa siku za saa tisa ni siku tano kati ya saba: zidisha kwa 1.4. Ongeza asilimia 15 ya likizo, mafunzo na ugonjwa. Unafika 42, nchi moja tu. Saa zinazobaki kwenye zamu wafanye ofisi ya hati za muda na orodha za mizigo, la sivyo hazina itawakata mwaka wa pili.

Wasomaji wa eksirei kwenye viwanja vya ndege hawazidi dakika 20 mfululizo mbele ya picha. Fuateni hivyo hivyo: kila mashine watu watatu wanaozunguka, wote wamefunzwa kusoma, na kwa kila mashine mbili mwanamke mmoja na mwanaume mmoja wa kupekua mwili.

Kabla ya kuajiri, nenda kwa wapanga ratiba. Treni inayowasili ikiingia saa mbili baada ya ile inayoondoka, timu moja inahudumia zote. Zikigongana dakika zile zile unahitaji timu ya pili, na ukumbi wa pili.

Burundi iko saa moja nyuma ya Tanzania. Zamu za maafisa wao, saa za mifumo na muhuri wa tarehe ziandikwe kwa saa ipi? Treni ya usiku ikikaribia saa sita, nchi moja imeingia kesho na nyingine bado. Amueni kwenye makubaliano, na saa za ukutani ziwe mbili zenye majina ya nchi. Sikukuu nazo hazilingani: Burundi wana Julai 1, sisi tuna Saba Saba.

Mwisho, umeme na mtandao. Kila nchi iwe na laini yake, ziingie jengoni kwa njia mbili tofauti, na betri za kubeba kaunta zote kwa dakika 30 wakati jenereta linaamka.